Neno Hili Umelitoa Wapi?

Mjadala wa barazani juu ya somo la stadi za kidijitali na utafiti vyuoni

Sala ya alasiri imekwisha, na kwenye baraza la nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, dele la kahawa limeshazunguka mara moja. Juu ya mkeka imelala kazi ya utafiti yenye jalada la plastiki, kurasa 41, kuhusu historia ya mkonge. Aliyeiandika ni binti wa stashahada, mwaka wa pili, aliyerudi nyumbani likizo. Yupo babu yake, mwalimu mstaafu. Yupo mjomba wake, mwenye stesheneri karibu na lango la chuo. Yupo pia jirani yao, mkutubi wa miaka mingi. Mimi nilipita kusalimia, nikakuta mabishano, nikabaki mpaka magharibi.

Walikuwa wakibishania somo ambalo vyuo vingi sasa vinalifundisha mwaka wa kwanza: kutumia kompyuta, kutafuta maarifa mtandaoni, kupima chanzo, kuandika marejeo. Je, linamjenga mwanafunzi, au linampotezea muhula? Nina msimamo wangu, nitausema mwishoni. Kwanza wasikilizwe wao.

MJOMBA: Nianze mimi, maana mimi ndiye ninayewaona usiku. Mwanafunzi anaingia dukani saa mbili, kazi inatakiwa kesho asubuhi. Anatoa flashi, ananiambia, "Anko, nipangie marejeo." Muhula mzima amefundishwa nukta ikae wapi na mabano yakae wapi, mwisho wake analipa mtu amfanyie. Na sasa ipo akili mnemba: unauliza, unajibiwa, unachapa. Mtoto afundishwe kuitumia mashine upesi, akaombe kazi. Mengine yote ni kumchelewesha.

BABU: Na mimi somo hilo linanitia wasiwasi, ila si kwa sababu yako. Wewe unasema linachelewesha, mimi naona linaharakisha kupita kiasi. Tulipokuwa chuo cha ualimu, kitabu kimoja tulikigombea watu kumi na wawili. Ukikipata kwa saa mbili, unanakili kwa mkono, na mkono ukienda taratibu, akili inapata nafasi ya kubishana na mwandishi. Leo mtoto anapakua makala ishirini chai haijapoa. Amezisoma? Mzigo wa kuni bado si moto.

MJUKUU: Babu, naomba nieleze nilivyoanza, kisha mnihukumu. Siku ya kwanza tuliwekwa watatu kwenye kompyuta moja. Sikuwahi kushika kipanya. Simu janja nilikuwa nayo, nikadhani anayejua simu anajua mtandao. Mhadhiri akatuambia kila mmoja achague swali la kwao. Nikachagua mkonge, kwa sababu tangu utotoni naiona mistari yake dirishani mwa basi tukienda Korogwe, na sikuwahi kujiuliza nani aliipanda. Nikaandika neno moja tu, mkonge. Nikaletewa bei za kamba, picha, na hoteli. Nikakumbuka kwamba ile mitambo ya kukamua majani watu wa mashambani huiita korona. Nikaandika korona na Tanga. Ukurasa mzima ukajaa habari za ugonjwa! Nilifunga kompyuta nikitaka kulia.

MKUTUBI: Akaja kwangu na uso huo huo. Nikamwambia, mwanangu, mashine haijui unachokusudia, inajua herufi ulizoiandikia. Ukitaka ikuelewe, yaunganishe maneno yako. Yapo maneno matatu madogo yanayoendesha utafutaji wote: na, au, isipokuwa. Ukisema mkonge na korona, unabana. Ukisema mkonge au katani, unapanua. Ukitanguliza alama ya kutoa mbele ya neno virusi, unafukuza usichokihitaji. Msingi wa mantiki hiyo aliuweka Mwingereza George Boole katika kitabu alichokitoa mwaka 1854, kabla ya kompyuta yoyote ya umeme. Na huyo Boole, Mwalimu, alianza kama wewe: alikuwa mwalimu wa shule, na hisabati nyingi alijifundisha mwenyewe.

BABU: Huyo nitamheshimu.

MJUKUU: Kisha huyu mama mkutubi akanipa ufunguo mmoja zaidi, jina la kisayansi la mmea, Agave sisalana. Nilipoliandika hilo, milango ikafunguka: Mexico ulikotoka, Brazil, Kenya, na kituo cha utafiti cha Mlingano hapa hapa Tanga. Nilishangaa. Kitu nilichokitafuta siku tatu kilikuwa nyuma ya jina nisilolijua.

BABU: Sasa hapo ndipo ninapopata maumivu. Mtoto wa Tanga, anauliza juu ya mkonge wa Tanga, anajibiwa kwa Kiingereza na Kilatini. Neno la kwao likampeleka hotelini. Hilo somo halimfundishi kwamba Kiswahili hakina kitu?

MKUTUBI: Linaweza kumfundisha hivyo, Mwalimu, likifundishwa vibaya. Mimi nawaambia ukweli: kumbukumbu hukaa katika lugha ya aliyeziandika. Mashamba haya yalianzishwa na Wajerumani, yakaja mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo daftari nyingi ziko kwa Kijerumani na Kiingereza. Mwanafunzi asipolijua hilo atadhani historia yake haipo. Akilijua, atakwenda kuichukua ilipowekwa.

MJUKUU: Na nikaenda. Nikakuta kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikatolewa Florida, na iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Karibu kila ukurasa ulisema iliyosalimika ilikuwa 62. Nikafurahi, nikaandika 62, nikaweka vyanzo kumi. Mhadhiri akanirudishia na swali moja kwa wino mwekundu: "Hawa kumi, nani alihesabu?" Nikazisoma upya kurasa zangu. Nyingine zilikuwa na sentensi ile ile, mpaka mkato ulipokaa. Walikuwa wananakiliana. Kumi waliosikia kwa mmoja ni shahidi mmoja. Tukafundishwa kurudi nyuma: huyu kamtaja nani, na aliyetajwa naye kalipata kwa nani.

BABU: Subiri kidogo. Hilo ni jambo la zamani. Hiyo ni isnadi.

MJUKUU: Isnadi ya hadithi, Babu?

BABU: Ndiyo. Tukiwa madrasa, kabla ya kuambiwa Mtume amesema nini, tuliambiwa nani kampokelea nani. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alizunguka miji akikusanya, na neno halikupita kwake mpaka mlolongo wa wapokezi uwe mzima. Wanazuoni waliuliza: huyu alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Hawa wawili walikutana kweli, au mmoja alizaliwa mwenziwe keshakufa? Pete moja ikivunjika, mnyororo wote una shaka. Mngeniambia tangu mwanzo kwamba chuoni wanafundisha isnadi, nisingebisha hivi. Lakini nina swali zito zaidi. Wale waliwajua wapokezi wao, nasaba na tabia. Wewe unamjua nani nyuma ya kioo?

MKUTUBI: Ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika somo hili, Mwalimu, na ndiyo inayopewa saa chache kuliko zote. Tunafundisha maswali yale yale kwa sura nyingine. Nani kaandika, na ana ujuzi gani wa jambo hilo? Lini? Nani kaikagua kabla haijachapwa? Nani kailipia? Na tangu ichapwe, imetokea nini? Swali hili la mwisho wengi hulisahau. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, na wenzake walichapisha makala katika jarida kubwa la tiba, The Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Ilitegemea watoto 12. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kasoro nzito za maadili, na jarida likaifuta mwaka 2010. Lakini makala iliyofutwa haitoweki duniani, bado inanakiliwa na kusambazwa. Mwanafunzi anayejua kupakua tu ataibeba maiti akidhani mgonjwa.

MJOMBA: Haya, nakubali kuuliza ni kuzuri. Lakini dada, si ndiyo kazi ya akili mnemba hiyo? Imesoma kuliko sisi wote hapa. Iulize yenyewe vyanzo, ikupe.

MKUTUBI: Mwaka 2023 mawakili wa New York walifanya hivyo. Waliwasilisha mahakamani hoja yenye kesi za awali walizopewa na mashine. Kesi kadhaa hazikuwahi kuwapo. Jaji akawatoza dola 5,000. Hao ni watu wazima wenye leseni, kaka, si watoto wa mwaka wa kwanza.

MJUKUU: Mjomba, mimi niliijaribu. Niliiomba vyanzo vitano kuhusu vibarua wa mkonge. Ikaniletea vitano vizuri sana, na majina, na miaka, na namba. Tulishafundishwa kwamba makala nyingi za kitaaluma zina kitambulisho cha kudumu kinachoanza na 10, na ukikiandika mahali pake kinakufikisha kwenye makala yenyewe hata tovuti ikihama. Nikaviandika vyote vitano. Viwili vikanipeleka kwenye makala za mambo mengine kabisa. Vitatu havikwenda popote. Mhadhiri akatueleza kwamba mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno kukadiria neno gani linafaa kufuata lililotangulia. Kwa hiyo chanzo cha uongo kinatoka na sura ile ile ya chanzo cha kweli. Anayeweza kuvitofautisha ni yule aliyefundishwa kwenda kubisha hodi.

BABU: Mnyororo mzuri wa watu wasiokuwapo.

MJOMBA: Sawa, nimewasikia. Sasa na mimi nisikilizwe, maana mnazungumza kama watu walioshiba. Kubisha hodi kunalipiwa. Kila namba inayohakikiwa inakula bando. Hawa wateja wangu wengine wanakula mlo mmoja kwa siku. Akifungua makala anakuta ukurasa unadai dola 30, fedha asiyoishika kwa wiki. Kwa nini asichukue jibu la bure la mashine? Mnamwita mvivu, kumbe ni maskini. Mimi nimewachapia kazi kwa mkopo wengi wao, najua.

Palikuwa kimya kidogo. Kahawa ikamiminwa tena. Mkutubi ndiye aliyejibu, na hakujibu upesi.

MKUTUBI: Hapo umesema kweli. Mkongo wa kwanza wa baharini wa kasi kubwa uliungwa pwani yetu mwaka 2009, na tulishangilia. Lakini mkongo ulifika ufukweni, haukufika mfukoni mwa kila mtoto. Kompyuta moja kwa watu watatu si maabara, ni foleni. Na saa moja kwa wiki haitoshi kumfundisha mtu mazoea. Ila yapo mambo yanayoniuma zaidi, kwa kuwa tiba yake ipo na wanafunzi hawaijui. Zile dola 30, mara nyingi hawapaswi kuzilipa. Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari mwaka 2002 kwa majarida ya afya, na mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo likaanzisha AGORA kwa majarida ya kilimo. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo, zetu zikiwemo, huingia bure au kwa ada ndogo, mradi taasisi imejiandikisha. Upo pia mkusanyiko wa majarida ya Afrika, African Journals Online, tangu mwaka 1998, na makala zake nyingi zinapakuliwa bure. Mlango uko wazi, na mtoto amekaa nje anahesabu dola, kwa sababu hakuna aliyemwambia aombe nywila maktaba.

MJOMBA: Hilo kweli sikulijua. Na wateja wangu hawalijui.

MKUTUBI: Basi bandika tangazo dukani kwako, kaka. Wewe wanakuona kuliko wanavyoniona mimi.

BABU: Mimi bado nina la kwangu. Yote haya ni ya kioo na karatasi. Mkonge una watu. Mjukuu wangu, hao waliokata mkonge umewasikiliza, au umeishia kwa Wajerumani?

MJUKUU: Ndilo nililotaka kukueleza, Babu. Sehemu ya mwisho ya somo ilikuwa mahojiano. Tulifundishwa kuomba idhini kwanza, kurekodi kwa simu, kuandika tarehe na mahali, na kuhifadhi nakala zaidi ya moja, ili simu ikiibwa neno la mtu lisipotee nayo. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuja Tanga kijana kutoka Kigoma, miaka michache kabla ya Uhuru. Alikuja manamba. Nilishasoma juu ya manamba, wale walioandikishwa na kutambuliwa kwa namba, na juu ya ofisi ya wenye mashamba, SILABU, iliyowakusanya kutoka mikoa ya mbali na nchi jirani. Nikajiona nimejiandaa. Nikamwambia kwa fahari, "Babu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii iliongoza duniani, ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka." Akanitazama, akaniambia, "Tani mimi sizijui, mjukuu wangu. Mimi naijua mizigo. Majani 30 mzigo mmoja. Unakata, unatoa mwiba, unafunga, unapanga. Ukikosea hesabu, siku yako haiandikwi."

BABU: Allah.

MJUKUU: Niliporudi bwenini niliitazama ile tani upya. Siku zote niliiona kama ukweli mtupu, kumbe ni hesabu ya mtu aliyekaa bandarini akipima kinachoondoka. Mzigo ni hesabu ya aliyeinama shambani. Zote mbili ni za kweli. Lakini kila moja inajibu swali la aliyehesabu. Nikaifuta sura yangu ya tatu, nikaiandika tena. Babu, hilo sikufundishwa na kitufe chochote. Lakini bila lile somo nisingekuwa na swali la kwenda nalo kwa mzee yule, wala nisingejua kuwa jibu lake ni chanzo kamili, kinachostahili kuandikwa kwenye marejeo kama kitabu.

MJOMBA: Na yeye ameisoma hii kazi?

MJUKUU: Hapana, Mjomba. Nimeiandika kwa Kiingereza, ndivyo chuo kinavyotaka, na yeye Kiingereza hakijui. Naandika muhtasari wa Kiswahili, kurasa sita. Nitampelekea, nimsomee, anisahihishe nilipokosea.

BABU: Hapo umemaliza. Amana hurudi kwa mwenyewe.

Mjadala haukuisha hapo. Mjomba aliondoka akisisitiza kuwa njaa haisubiri marejeo, na Babu hajabadili rai kwamba kusoma upesi si kusoma. Nami wote wawili nawaafiki, ndiyo maana nauandika mjadala huu.

Msimamo wangu ni huu. Somo la stadi za kidijitali na utafiti likifundishwa kama orodha ya vitufe na mahali pa kuweka mabano, Mjomba ana haki: mwanafunzi atalipa mtu amfanyie, na mashine itafanya kwa bei nafuu zaidi. Likifundishwa kutokana na swali ambalo mwanafunzi mwenyewe analitamani, litokalo kijijini kwake, kiwandani kwao, hospitalini alikozaliwa, basi kila kitufe kinapata sababu. Binti huyu hakujifunza alama ya kutoa kwa kuikariri. Alijifunza kwa sababu korona ya kwao ilimezwa na korona ya dunia nzima, naye akataka kuirudisha.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga mitaala mambo manne. Saa za somo hili ziongezwe, na zaidi zitumike kupima chanzo kuliko kukitafuta. Lifundishwe pia kwa simu, maana ndiyo chombo ambacho wanafunzi wengi wanacho. Kila anayeanza mwaka wa kwanza apelekwe maktaba siku za mwanzo, aonyeshwe milango ya bure. Na kila kazi ya utafiti iwe na muhtasari wa Kiswahili unaobaki maktaba na kurudi kwa watu waliohojiwa, ili atakayeandika neno mkonge miaka kumi ijayo asiishie kwenye bei za kamba. Uhaba wa Kiswahili mtandaoni utazibwa na wanaofanya utafiti, kurasa sita sita.

Kabla ya adhana ya magharibi, Babu aliivuta ile kazi, akafungua ukurasa wa mwisho, akaanza kushuka na kidole kwenye marejeo kama anayesahihisha daftari. Majina yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti, maprofesa wa Ulaya na wa Dar es Salaam. Kidole kikasimama katikati. Palikuwa na jina la yule mzee mkata mkonge, na tarehe, na mahali, na maneno mahojiano ya ana kwa ana. Babu akarudi kwenye ukurasa wa kumi na mbili, kwenye ile miche ya Kikogwe.

"Na hii 62," akauliza, "mwishowe umeitoa wapi?"

"Nimeandika inasimuliwa, Babu. Aliyehesabu sijamfikia bado."

Babu akaifunga kazi taratibu, akaiweka juu ya mto, mahali anapoweka msahafu wake.